Kupiga kromu rodi za haidroliki: nani apewe kazi, nani aachiwe bampa

Hukumu kwanza, maelezo baadaye. Rodi ya silinda ikiwa nyembamba, tuseme chini ya milimita 60, na mwisho wake ni uzi na chemfa (ukingo uliochongwa mshazari) ya kawaida tu, usihangaike kuipiga kromu upya. Nunua chuma cha mita kilichokuja na kromu yake kutoka kiwandani, kichongwe kwenye leithi, mambo yaishe. Rodi nene, ndefu, au yenye jicho lililochomelewa (pete ya mwishoni ya kupitisha pini) ambalo si rahisi kulipata dukani, hiyo ndiyo ya kupeleka karakana ya kromu ngumu, mradi karakana yenyewe ina rektifaya ya kutosha (mashine ya kugeuza umeme wa kawaida kuwa wa mkondo mmoja), mashine ya kusaga shafti inayofika urefu wa rodi yako, na oveni. Karakana za kromu ya urembo, zile za bampa, rimu za pikipiki na miguu ya viti, zisikabidhiwe rodi ya haidroliki hata kwa bei ya chai. Vali, pampu na vitu vyenye matundu vina huduma yao nyingine, nikeli ya kemikali, tutaifikia.

Tuanze na hao wa bampa, maana huko ndiko rodi nyingi zinakoharibikia. Kromu ya urembo ni ganda jembamba mno, chini ya mikroni 1 (sehemu moja ya elfu ya milimita), lililokaa juu ya nikeli ya mikroni 10 hadi 25. Kuzuia kutu ni kazi ya ile nikeli. Kromu ipo kwa ajili ya rangi na mng'ao. Kromu ngumu ya rodi ni mikroni 20 hadi 30 kila upande, mara nyingi moja kwa moja juu ya chuma, na ikiwa ni kazi ya kurudishia kipimo kilicholiwa inaweza kufika mikroni 200. Bafu la urembo, yaani mchanganyiko wa kemikali ulio tangini, huendeshwa kwenye nyuzi joto 40 hivi kwa dakika chache. Kromu ngumu huchukua saa kadhaa kwenye nyuzi 55. Mwenye bafu la urembo akikubali rodi yako atakurudishia kitu kinachong'aa kuliko kipya, nacho ni nikeli iliyovishwa kromu ya kuzugia. Vumbi likikwama kwenye sili ya kufutia, mistari inaanza kuonekana, na ukishaona mistari, kuvuja kwa mafuta hakuko mbali.

Usitegemee kipimo cha sumaku kuwakamata. Kifaa kile cha kupima unene wa mpako husoma vizuri kromu iliyo juu ya chuma kwa sababu kromu haishiki sumaku. Kukiwa na nikeli ya kawaida katikati, kinachanganyikiwa na kutoa namba isiyo na maana. Njia rahisi zaidi ni kuangalia tangi. Tangi la kromu ngumu ya shafti huwa na kina kirefu, rodi husimama wima, na anodi (nguzo chanya za umeme) za risasi iliyochanganywa na bati au antimoni zimeizunguka pande zote kwa umbali uleule. Uliza kina cha tangi. Rodi ya mita 1.8 kwenye tangi la mita 1.2 maana yake itapigwa nusu, igeuzwe, ipigwe nusu nyingine. Pale nusu mbili zinapokutana pana mshono, na sili hupita juu ya mshono huo kila mara silinda inapofanya kazi.

Sasa karakana zenyewe za kromu ngumu. Bafu lao halina siri kubwa: asidi ya kromiki gramu 250 kwa lita, asidi ya salfuriki gramu 2.5 kwa lita, yaani uwiano wa 100 kwa 1, joto nyuzi 50 hadi 60, na mkondo wa ampea 30 hadi 60 kwa kila desimita ya mraba. Tatizo la kromu ni kwamba haina ufanisi. Katika umeme wote unaoingia, asilimia 12 hadi 20 tu ndiyo inayoweka chuma; sehemu kubwa ya uliobaki huishia kutoa haidrojeni. Kwa hiyo mpako hukua polepole, kama mikroni 20 hadi 35 kwa saa, na haidrojeni ile haipotei yote hewani. Nyingine huingia ndani ya chuma.

Hapo ndipo swali la kwanza la kumuuliza mwenye karakana linapotoka, na linakupa jibu ambalo hawezi kulipamba: rektifaya yake ni ya ampea ngapi? Hesabu ni nyepesi. Chukua rodi ya kipenyo cha milimita 80 yenye sehemu ya kromu ya mita 1.2. Kwa desimita, 0.8 mara 3.14 mara 12 ni kama desimita 30 za mraba. Kwa ampea 40 kila desimita, unahitaji ampea 1,200. Mwenye rektifaya ya ampea 500 atakuwa anaipa rodi yako ampea 16 au 17 kwa desimita. Kwenye nyuzi 55, mkondo huo mdogo hutoa kromu ya rangi ya maziwa, laini kuliko inavyotakiwa, na inayokua kwa mwendo wa konokono. Hatakuambia hivyo. Atakuambia "itakaa tu vizuri". Kromu nzuri ya rodi ina ugumu wa 800 hadi 1,000 kwa kipimo cha Vickers. Ile ya maziwa haifiki huko, na kwa macho unaiona imefifia hata baada ya kusuguliwa.

Ukiwa na hesabu hiyo mkononi unaweza pia kujua kama muda uliotajiwa ni wa kweli. Rodi ile ile ya 80, kipimo cha kawaida cha f7 (daraja la ruhusa ya kipenyo), inatakiwa iwe kati ya milimita 79.940 na 79.970. Tuseme ina vishimo vya kutu vya kina cha milimita 0.15. Kazi sahihi ni hii: kromu ya zamani itolewe, chuma kisagwe hadi vishimo viishe, yaani kufika 79.65 hivi, kisha kromu ipigwe hadi ipite kipimo kidogo, halafu isagwe kurudi 79.955. Kila upande unahitaji mikroni 150 za kubaki na kama 50 za kusagwa. Mikroni 200 kwa mwendo wa 27 kwa saa ni saa saba na nusu ndani ya tangi, mbali na kutoa kromu ya zamani, kusaga mara mbili na kuoka. Anayekuahidi rodi ya namna hiyo asubuhi uichukue jioni ameamua kuruka hatua mojawapo. Mara nyingi anaruka kusaga chuma: anapiga kromu juu ya vishimo. Kromu haijazi vishimo. Huyafuata mashimo ilivyoyakuta, huku ikijikusanya kwenye kingo, na miezi michache baadaye kutu inatokea palepale ilipokuwa.

Vishimo vikipita milimita 0.3 au 0.4 kromu peke yake si dawa. Ganda nene hivyo hujaa msongo wa ndani na linaweza kumeguka. Karakana nzuri itakwambia ijengwe kwanza kwa nikeli ya salfameti (nikeli nene inayopigwa kwa umeme), isagwe, ndipo kromu nyembamba ije juu, au itakwambia ukweli kwamba rodi hiyo ni ya kutupa. Fundi anayesema "hii tupa" apewe kazi inayofuata.

Namna wanavyotoa kromu ya zamani nayo inasema mengi. Kuna wanaoitumbukiza rodi kwenye asidi ya haidrokloriki na kungoja povu liishe. Ni haraka na ni rahisi, lakini kromu ikishaisha asidi inakula chuma na kukijaza haidrojeni. Kwa chuma kigumu hiyo ni hatari mara mbili. Njia ya kistaarabu ni kostiki soda pamoja na umeme, rodi ikiwa upande chanya: kromu huyeyuka, chuma hakiguswi. Uliza tu, "Kromu ya zamani mnaitoa kwa asidi au kwa kostiki?" Ukiambiwa asidi, na rodi yako imekazwa kwa induksheni (uso umeongezewa ugumu kwa joto la umeme), ondoka nayo.

Baada ya hapo ni usafi, na hapa hakuna njia ya mkato. Mafuta yaondolewe kwa sabuni ya alkali yenye umeme, isuuzwe, kisha kipimo cha maji: mwagia rodi maji safi uangalie kwa nusu dakika. Maji yakitandaa kama utando mmoja, ni safi. Yakijikunja na kuacha sehemu kavu, kuna mafuta, na kromu itakayokaa hapo itabanduka. Ndani ya tangi, kabla ya kupiga kromu, rodi hugeuzwa kuwa anodi kwa nusu dakika hadi dakika moja ili uso uchubuke kidogo na kushika. Wanaoruka hatua hii ndio ambao kromu yao hutoka kwa vipande, na upande wa ndani wa kipande hicho ni laini kabisa. Ukipata kipande kama hicho, kihifadhi. Ndicho ushahidi wako.

Umeme. Katika nchi zetu hili halikwepeki. Mkondo ukikatika katikati ya kazi, hata kwa dakika moja, uso wa kromu hujifunika utando unaokataa kromu mpya. Umeme ukirudi na fundi akaendelea kana kwamba hakuna lililotokea, rodi inatoka na matabaka mawili yasiyoshikana, na tabaka la juu huanza kuvimba na kupasuka wakati wa kusaga au, vibaya zaidi, silinda ikiwa kazini. Dawa ipo: kuanza upya kwa volti ndogo mno, chini ya kiwango cha kromu kuanza kukaa, kisha kupandisha taratibu kwa dakika kadhaa, au kugeuza mkondo kwa muda mfupi uso uchubuke tena. Swali la kuuliza ni moja: "Umeme ukikatika rodi ikiwa ndani, mnafanyaje?" Anayejibu kwamba wana jenereta amejibu nusu, kwa sababu hata jenereta huchukua sekunde kuwaka, na sekunde hizo zinatosha kuleta utando. Anayekueleza habari ya kupandisha volti polepole anajua kazi yake. Katika maswali yote hili ndilo linalochuja haraka zaidi.

Kuna jambo la maji pia, hasa kwa karakana za ukanda wa Pwani. Tangi la nyuzi 55 huvukiza maji kila siku na lazima liongezewe. Wanaoongeza maji ya kisima chenye chumvi wanaongeza kloridi, na kloridi ni sumu kwa bafu la kromu: hupunguza ufanisi, na hula chuma mahali ambapo kromu haifiki, kama ndani ya jicho la rodi au kwenye uzi uliozibwa vibaya. Chuma kilichoyeyuka nacho hubaki humo. Madini ya chuma pamoja na kromu iliyoshuka kutoka hali ya valensi sita hadi ya valensi tatu yakipita gramu 10 hivi kwa lita, volti inapanda, kromu inakuwa na rangi zisizoeleweka na haifiki mbali kwenye pembe. Karakana inayotumia maji yaliyochujwa madini na inayopima bafu lake kila wiki ina daftari la vipimo hivyo. Omba kuliona.

Kingo na ncha ni somo jingine. Umeme hukimbilia kona, kwa hiyo bila kinga rodi hutoka nene mwanzoni na mwishoni na nyembamba katikati. Mafundi wazuri huweka kipande cha chuma au waya karibu na kona ili kiibe mkondo wa ziada, na ukingo wenyewe huviringishwa kidogo kabla ya kazi. Ukipokea rodi, pitisha ukucha pale kromu inapoanzia: kama kuna chunusi ngumu zinazokwaruza, hizo zitakata sili siku ya kwanza ya kufunga. Uzi na sehemu ya pistoni huzibwa kwa tepu ya risasi, nta au vanishi maalumu. Uzi uliopigwa kromu kwa bahati mbaya hautakubali nati, na kuuchonga tena ni kuumaliza.

Kusaga ndiko kunakoharibu kazi nzuri. Kromu ni ngumu na haipendi joto. Jiwe likiwa gumu mno, maji ya kupoozea yakiwa kidogo, au fundi akila zaidi ya mikroni 10 kwa mpito, uso hupata nyufa za joto zinazofanana na utando wa buibui, nyingine zikishuka hadi kwenye chuma. Kromu ngumu ina nyufa zake ndogo za asili, hizo hazionekani kwa macho na si kasoro. Zinazoonekana kwa macho baada ya kusaga ni za moto. Uso wa mwisho uwe kati ya Ra (kipimo cha ukwaru wa uso, kwa mikroni) 0.1 na 0.3. Wateja wengi hudhani kioo ndicho bora, lakini uso ulio laini mno haubakishi utando wa mafuta, na sili hukauka na kuungua. Kunyoosha rodi iliyopinda kufanyike kabla ya kromu. Anayeinyoosha kwa presi baada ya kromu anaivunja kromu bila kuiona.

Kuoka. Haidrojeni iliyoingia kwenye chuma haileti shida kwa chuma laini. CK45 ya kawaida (chuma cha kaboni cha rodi nyingi), isiyokazwa, inaweza kuruka oveni na isiwe na tatizo. Shida huanza kwenye chuma chenye nguvu ya kuvutika inayozidi megapaskali 1,000: 42CrMo4 (chuma cha aloi) iliyokazwa, springi, pini, shafti ndogo zilizochomwa na kupozwa. Hizo huweza kukatika ghafla, saa au siku kadhaa baada ya kufungwa, bila kupinda na bila onyo, na sehemu iliyokatika inaonyesha punje punje badala ya kuvutika. Kanuni ya ASTM B850 inataka ziingie oveni ndani ya saa nne baada ya kutoka tangini, kwenye nyuzi 190 hadi 220, kwa saa 8 hadi 22 kadiri nguvu ya chuma inavyopanda. Joto hilo lisizidi lile ambalo chuma kililegezwa nalo baada ya kukazwa, la sivyo ugumu unashuka. Kwa rodi iliyokazwa kwa induksheni lazima umpe fundi taarifa hiyo. Kuipitisha rodi moto wa gesi kwa dakika kumi si kuoka. Karakana isiyo na oveni yenye kipimajoto inaweza kukupigia kromu ya rodi laini, lakini isipewe pini ya mkono wa kreni.

Hapa inafaa kusema neno kuhusu ule mwenzake, chuma cha mita kilichokwisha kupigwa kromu. Kwa rodi nyembamba ndicho kinachoshinda, na sababu iko kwenye mashine: viwanda hupiga kromu mfululizo, uso wote sawa, mikroni 20 hadi 25, kipimo cha f7, ama kikiwa CK45 ya kawaida ama kimekazwa kwa induksheni. Katalogi nyingi hukiandikia saa 120 za kipimo cha ukungu wa chumvi cha ISO 9227. Usizigeuze saa hizo kuwa miezi ya bandarini. Kipimo kile ni cha kulinganisha bidhaa, hakitabiri maisha. Kasoro zake ni mbili. Ya kwanza, duka likikuuzia CK45 ya kawaida kwa bei ya iliyokazwa, huwezi kutofautisha kwa macho. Gusa faili kali mahali kromu iliposagwa pembeni: kwenye iliyokazwa faili inateleza, kwenye laini inauma. Ya pili, kuchomelea jicho jipya mwishoni huchoma kromu kwa sentimita kadhaa, na waya ya ardhi ikifungwa juu ya kromu inaacha doa la moto ambalo sili italipata. Funga waya ya ardhi kwenye jicho lenyewe, rodi uifunike kitambaa kilicholowa dhidi ya cheche.

Kwa mashine inayofanya kazi Mombasa bandarini, Tanga, Mtwara au Unguja, kromu tupu juu ya chuma haitoshi, iwe mpya au ya kurudiwa. Nyufa zake za asili huruhusu chumvi ipite polepole. Agiza nikeli mikroni 20 hadi 30 chini, kromu mikroni 20 hadi 30 juu. Ni ghali zaidi na si kila karakana inaifanya. Ukiipata, ijaribu kwa karatasi iliyolowa mchanganyiko wa potasiamu ferisianidi na chumvi: ilaze juu ya uso uliosafishwa kwa dakika chache. Madoa ya buluu ni chuma kinachochungulia. Doa moja moja unaweza kujadiliana nalo; karatasi ikijaa buluu, kazi irudi.

Nikeli ya kemikali, ile inayokaa juu ya chuma bila umeme, ni huduma tofauti na inastahili sifa zake. Kwa kuwa hakuna mkondo, hakuna kona nene wala katikati nyembamba. Ndani ya tundu la vali unapata unene uleule wa nje. Bafu huendeshwa kwenye nyuzi 85 hadi 92, kwa mwendo wa mikroni 10 hadi 20 kwa saa. Yenye fosforasi zaidi ya asilimia 10 ndiyo inayohimili kutu vizuri, na ugumu wake ukitoka tangini ni kama Vickers 500. Ukiipasha nyuzi 400 kwa saa moja inapanda hadi 850 na zaidi, ikikaribia kromu, lakini uwezo wa kuzuia kutu unapungua kwa sababu mpako unajikaza na kupata nyufa. Chagua kimoja: ugumu au kutu. Muuzaji anayekuahidi vyote viwili kwa kiwango cha juu hajui anachouza.

Bafu hili huzeeka, na hilo ndilo la kuuliza. Kila nikeli yote iliyomo inapotumika na kujazwa upya, huhesabiwa mzunguko mmoja. Baada ya mizunguko 6 hadi 8 taka za fosforasi zinakuwa nyingi, mpako unaanza kujivuta na kuwa na vitundu. Wanaobana matumizi wanalisukuma bafu mbali zaidi ya hapo. Kwa vali ya maji ya chumvi au pampu ya kemikali, taja kwenye oda yako kwamba bafu lisiwe limevuka mizunguko 4. Ukubaliwe au ukataliwe, utajua unazungumza na nani. Unene wa mikroni 25 unatosha kwa maji safi; kwa bahari au kemikali kali, 50 hadi 75.

Boliti zipitiwe haraka. Daraja la 12.9, lile la boliti zenye nguvu zaidi, lisipelekwe kwa mtu wa zinki ya umeme kabisa. Asidi ya kusafishia na umeme wenyewe huiingizia haidrojeni, nayo hukatika kichwa ikiwa tayari imefungwa kwenye mashine, mara nyingi usiku mashine ikiwa imelala. Tumia mpako wa vipande vidogo vya zinki na alumini wa ISO 10683, unaopakwa na kuokwa bila umeme. Daraja la 8.8 halina neno.

Mabaki ya karakana yanakuhusu pia, hata kama unaona ni shida ya mwenye karakana. Kromu ya valensi sita, ile iliyomo kwenye bafu, husababisha saratani, na Umoja wa Ulaya ulifunga matumizi yake bila kibali maalumu tangu Septemba 21, 2017. Karakana inayofanya kazi vizuri huishusha kwanza kuwa ya valensi tatu kwa sodiamu metabisulfiti kwenye maji yenye asidi ya pH 2 hadi 3, kisha huizamisha kwa chokaa kwenye pH 8 hadi 9 na kukusanya tope lake. Maji ya njano yakionekana yanatiririka mtaroni, karakana hiyo inaweza kufungwa na mamlaka ya mazingira rodi yako ikiwa bado imo ndani. Ukungu wa njano unaokwangua koo ukiingia tu mlangoni unaonyesha feni za kuvutia hewa hazifanyi kazi, na waliozembea feni kwa kawaida wamezembea na daftari la bafu.

Kwenye oda iandikwe: aina ya chuma na kama kimekazwa, kipenyo cha mwisho pamoja na ruhusa yake, unene wa kromu unaobaki baada ya kusaga, Ra, sehemu za kuzibwa, kama iokwe na kwa saa ngapi. Bei iulizwe kwa desimita ya mraba na kwa mikroni, si kwa "rodi moja". Ukienda kuichukua, pima kwa mikromita sehemu tano, mbili karibu na ncha, tatu katikati, ukizungusha nyuzi 90 kila sehemu. Kagua ndani ya jicho na chini ya mikunjo ya weldi kama kuna majimaji ya njano yaliyobaki. Hayo yataendelea kutoka na kula chuma njiani. Ipakwe mafuta, izungushiwe karatasi ya nta, ilazwe kwenye vibao vilivyokatwa nusu duara, na isifungwe kwa mnyororo juu ya kromu.